Waliiita Hitilafu ya Umeme

Karibu na stendi ya Babati kuna kibanda cha fundi simu ambacho mimi hukikwepa. Njia fupi ya kwenda kwetu Maisaka inapita mbele yake kabisa, lakini mimi huzunguka nyuma, kwenye tope la wauza nyanya, kwa sababu fundi yule anapogusisha pasi yake ya moto kwenye waya wa risasi hutoka moshi mwembamba wenye harufu tamu, kama utomvu wa mti unaoungua. Wapita njia wengine hawana habari nayo. Mimi ikinifikia puani narudi kuwa na miaka tisa, nimekalia ndoo iliyofudikizwa, namtazama mama akifunga umeme wa ndege.

Nimesema ndege, na najua mtu wa rika langu aliyekulia Babati ameshanitambua. Wengi hunitambua kwa namna hiyo. Wanauliza kwetu ni wapi, nawatajia, kisha wanasema, "Kumbe wewe ni wa yule mama." Zamani nilikuwa nainamisha kichwa. Siku hizi nasema ndiyo, mimi ni wa yule mama, na nawakazia macho mpaka wao ndio wainamishe.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mdogo wake, baba mdogo Bura, alikuwa amekaa Arusha miaka mingi kwenye ndege ndogo za kupeleka watalii porini. Alianza kwa kuzisafisha, akaendelea kwa kuwabebea mafundi spana, mwisho akaketi kwenye kiti cha rubani na kupewa leseni. Ndiye aliyekuja na habari kwamba kuna mzungu anahama, ana ndege ya viti viwili aliyoanza kuijenga mwenyewe nyumbani kwake akaichoka, na anamwachia yeyote atakayeiondoa gereji. Ililetwa Maisaka juu ya lori, imefungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa, mabawa yamelazwa pembeni. Haikuwa na injini. Haikuwa na waya hata mmoja.

Injini waliitoa kwenye gari dogo la zamani, na fundi mmoja wa Arusha akaibadilisha izungushe pangaboi. Mwili na mabawa, baba na mdogo wake waliyaweza. Umeme ndio uliowashinda. Baba alizoea umeme wa mashine ya kuchomelea, ule wa kuchomeka na kuchomoa. Wa ndege ulikuwa kitu kingine, maana injini ile ilitaka umeme muda wote: umeme wa kutoa cheche kwenye plagi, umeme wa pampu ya kuvuta mafuta kutoka kwenye bawa. Ukikatika, injini inazimika, na angani hakuna pa kuegesha.

Mama alikuwa amesomea umeme chuo cha ufundi. Nyumba nyingi za Maisaka zilizojengwa miaka ile, yeye ndiye aliyezitandazia nyaya. Aliondoka asubuhi na begi lake, suruali chini ya kitenge, testa imechomekwa kwenye nywele kama wenzake wanavyochomeka kalamu, na akirudi jioni alikuwa na vumbi la saruji kwenye kope. Baba hakuona tabu kumwomba msaada. Wakati ule hakuona tabu.

Nilidhani angeanza kwa kukata waya. Hakufanya hivyo. Kwa majuma mengi alikuwa anaingia tu ndani ya ule mwili mtupu wa ndege, anaketi kwenye kiti cha abiria, baba mdogo kwenye kiti cha rubani, na anamuuliza maswali.

"Swichi hii ikifa, shemeji, utafanya nini?"

Baba mdogo anajibu.

"Na fyuzi hii ikiungua? Na altaneta ikiacha kuchaji?"

Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha. Siku moja akasema, "Hapo nitamwomba Mungu."

"Mungu mwombe ukiwa chini," mama alimwambia. "Huko juu nataka waya."

Akachora kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, mchoro mkubwa uliofika mpaka dirishani. Ulikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilitoka betri kubwa na kulisha kila kitu: taa, redio, cheche, pampu. Njia ya pili ilitoka betri ndogo, yenye ukubwa wa betri ya pikipiki, iliyokaa nyuma ya kiti cha rubani na kubanwa kwa nati mbili za kufungua kwa vidole. Hiyo ilikwenda kwenye cheche na pampu tu. Njia hizo mbili hazikugusana mahali popote. Hata ethi zake, zile nyaya za kurudisha umeme kwenye bodi, zilikuwa mbali mbali. Baba aliuliza kwa nini zisitumie boliti moja, kuna haja gani ya kutoboa tundu jingine, na mama akamwambia boliti nayo hufa.

Mimi nilielewa jambo tofauti kabisa. Bibi, mama yake baba, alikuwa akija kukaa nasi kutoka Mbulu kila baada ya mavuno, na Kiswahili cha bibi hakikuwa na habari ya ngeli. Kwake mtoto "inalia", mgeni "imefika", jirani "ilikufa". Kwa hiyo jioni moja niliposikia mama anamwambia baba mdogo kwa sauti ya chini, "Kubwa ikifa, ndogo inachukua mzigo wote, wewe usiogope," mimi nilijua kubwa ni nani na ndogo ni nani. Baba alikuwa mkubwa. Bura alikuwa mdogo. Na nilishawahi kusikia kwa watu wazima kwamba zamani kwetu mtu akifa, mdogo wake humrithi mjane na watoto. Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikalia mpaka nikapata kwikwi. Kwa siku kadhaa nilikataa kumwamkia baba mdogo. Akinikaribia, namkimbia.

Mama aliponibana nikamweleza. Sikuwahi kumwona mtu mzima akijitahidi vile asicheke. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye ndege, akaweka kiganja changu juu ya betri kubwa, kisha juu ya ile ndogo aliyoipaka alama mbili za rangi ya kucha, nyekundu, ili asiichanganye na nyingine.

"Hii ndiyo kubwa. Hii ndiyo ndogo. Hakuna mtu anayekufa hapa," alisema. "Kazi yangu yenyewe ndiyo hiyo, mwanangu. Asife mtu."

Siku ya kujaribu, waliifunga ndege kwa minyororo kwenye nguzo mbili za uwanja wetu. Mama akamfunga baba mdogo kitenge machoni. Injini ikawashwa, kuku wakatawanyika, nguo kwenye kamba zikalala upande mmoja. Mama, akiwa amesimama nyuma ya bawa, akaingiza mkono na kuichomoa njia ya kwanza. Injini ikakohoa, ikatetereka. Mkono wa kushoto wa baba mdogo ukapapasa, ukaipata swichi ya njia ya pili, ukaibonyeza chini, na injini ikarudi kama haikuwa imeguswa. Watoto wa mtaa mzima tulishangilia. Mama hakushangilia. Akairudishia, akaichomoa tena, bila kumwambia ni lini. Akarudia mpaka baba mdogo akavua kitenge na kusema, "Shemeji, hii swichi sasa nitaiota."

"Iote," mama alisema.

Nakumbuka uso wa baba jioni ile. Alikuwa amesimama mlangoni pa karakana na majirani watatu, na mmoja wao akasema kwa sauti, "Kweli Mama Paskalina ni kichwa." Baba alitabasamu, lakini alichelewa kutabasamu. Mtoto huona vitu hivyo asijue aviweke wapi.

Siku ya kuionyesha ndege ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, kwenye uwanja wa majani upande wa Bonga, shamba la zamani lililoachwa. Ruhusa waliyokuwa nayo ilikuwa ya kuikimbiza chini tu, siyo kuipaisha. Lakini baba alikuwa amekodi turubai, viti, spika na mshereheshaji. Alikuwa amemwalika mgeni rasmi. Alikuwa amechinja. Nikiwaza leo, sioni mtu anachinja hivyo ili watu waje kutazama kitu kinakimbia chini.

Asubuhi, kabla watu hawajajaa, baba mdogo aliiwasha na kuzijaribu njia zote mbili kama alivyofundishwa. Nilikuwepo. Ya kwanza iliitika, ya pili ikaitika. Mama alitaka kukaa karibu na ndege mpaka mwisho wa shughuli. Baba akamjia.

"Mama Paska, wageni wanaingia. Hebu kasimamie chakula."

"Wapishi wapo. Acha nikae hapa."

Baba akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa hapo hapo. "Unataka watu waseme ndege yangu inashikiliwa na mwanamke?"

Mama akachomoa testa kwenye nywele, akaitia mfukoni, akaenda kwenye masufuria.

Mshereheshaji alitangaza ndege iliyojengwa na ndugu wawili wa damu. Mgeni rasmi akapewa kipaza sauti, na hotuba ilipokuwa imeanza kunoga, jenereta likazimika. Walilivuta kamba, likagoma. Watu wakaanza kuguna na kuzungumza wao kwa wao, mgeni rasmi amesimama na kipaza sauti kisichotoa sauti, na baba uso umemshuka kama aliyevuliwa nguo. Mwenye spika akasema amplifaya yake inaweza kutumia betri, apewe betri yoyote yenye chaji. Magari yalikuwa yameegeshwa mbali, ng'ambo ya mtaro. Nikamwona baba anatembea haraka kuelekea kwenye ndege, anainama nyuma ya kiti cha rubani, anarudi amebeba kitu tumboni, amekifunika kwa koti. Baba mdogo wakati huo alikuwa upande wa pili wa turubai, amezungukwa na watu wanaompa mkono.

Spika zikarudi. Watu wakapiga makofi.

Niliiona chini ya meza ya mshereheshaji, na alama zake mbili za rangi ya kucha. Nilijua ni ya mama. Nikafikiri ndiyo kazi yake. Si mama alisema, kubwa ikifa, ndogo inachukua mzigo wote? Jenereta lilikuwa kubwa, na limekufa, na sasa ndogo ya mama imeuchukua mzigo, mgeni rasmi anaongea kwa umeme wa mama yangu na hakuna anayejua ila mimi. Nilikaa kwenye majani karibu nayo, nikakunja miguu, nikajiona mkubwa kuliko watoto wote waliokuwa pale.

Mgeni rasmi alimaliza hotuba kwa utani. "Sasa ndugu zangu, tumekuja kuona ndege au gari? Maana magari tunayo." Watu wakacheka. Baba alicheka kuliko wote. Kisha akamwendea mdogo wake, akamshika bega, akamnong'oneza. Baba mdogo aligeuka kutazama upande wa masufuria, kama mtu anayetafuta mtu. Baba akamnong'oneza tena. Baba mdogo akapanda.

Ndege ilikimbia, ikaachana na majani, na kwa mara ya kwanza nikaiona kwa chini. Sitaki kusema haikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri. Ilikwenda upande wa mlima Kwaraa, ikageuka taratibu, ikawa inarudi juu yetu, na mshereheshaji akasema kwenye spika, "Waheshimiwa, tutazame juu." Tukatazama juu, na sauti ya injini ikakatika.

Jirani yetu Mama Elibariki, aliyekuwa akipika pamoja na mama, ndiye aliyenisimulia nilipokuwa mkubwa jinsi mama alivyokuwa wakati ule. Alisema sauti ilipokatika mama aliinua kichwa, mwiko mkononi, na hakushtuka. Alikuwa anasubiri. Alijua kinachofuata: injini itakohoa, kisha itarudi. Wanawake wengine walikuwa wameshaanza kupiga kelele, na yeye bado anasubiri, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlango ukibishwa. Ndipo Mama Elibariki akaona mwiko umeanguka kwenye majivu.

Ndege iliangukia kwenye shamba la mabua makavu. Baba mdogo walimtoa akiwa ameshafariki.

Mama aliingia kwenye yale mabua baada ya wanaume kutoka na mwili. Hakuna aliyemzuia, kila mtu alikuwa analia au anakimbia. Alipotoka alikuja moja kwa moja nyuma ya turubai, ambako baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono kati ya magoti. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake nimeshika koti lake, kwa sababu alinipa nilishike na hakuwa amenituma kwingine.

"Swichi iko chini," mama alisema. "Aliibonyeza."

Baba aliendelea kuitazama mikono yake.

"Ndogo iko wapi, Baba Paska?"

Nilijua jibu, na nilikuwa mtoto aliyelelewa kujibu akisikia swali. "Iko kwenye spika, mama."

Hakuna aliyenitazama. Walikuwa wanatazamana wao. Baba akasema ilikuwa ikimbie chini tu. Akasema alisahau. Kisha tukasikia sauti ya bibi kutoka upande wa barabara, anakuja anashikiliwa na wanawake wawili, analiita jina la mwanawe kwa Kiiraqw, na baba akamshika mama mkono, akamvuta karibu.

"Mama yangu sasa ana mimi tu," alisema. "Akijua hili, hana mtoto hata mmoja."

Watu wa kuandika maelezo walipofika, mmoja wao akamuuliza baba kilichotokea.

"Hitilafu ya umeme," baba alisema.

"Umeme ulifungwa na nani?"

Alisita, lakini kidogo sana.

"Mke wangu."

Ukiyachukua maneno yake moja moja, yote yalikuwa ya kweli. Mama alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, kitenge chake kina majivu na majani. Yule mtu akamgeukia na kumuuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyefunga umeme wa ile ndege. Mama akasema ni yeye. Aliulizwa kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Jioni ile aliniogesha mwenyewe, ingawa nilikuwa nimeshazoea kuoga peke yangu. Alinisugua mgongo muda mrefu kuliko uchafu niliokuwa nao. "Ulichokiona kwenye spika," aliniambia, "kiache huko huko kwenye spika. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nilidhani tumekosea kuitumia betri bila ruhusa ya mwenyewe. Nilidhani mwenyewe ni mama, na kwamba amekasirika kwa sababu hiyo. Ilinichukua muda mrefu kuunganisha vitu hivyo viwili, meza ya mshereheshaji na mabua, na siku nilipoviunganisha nilikuwa darasani, somo la sayansi, mwalimu anachora betri na balbu ubaoni. Nilitoka nje bila kuomba ruhusa.

Babati ni mji mdogo. Maneno yalimaliza mji kabla ya mazishi. Mama Paskalina ndiye aliyefunga ule umeme. Waliokuwa wakimwita nyumbani waliacha kumwita. Mwanamume mmoja wa Nangara, ambaye nyumba yake ilikuwa imewaka taa za mama mwaka mzima bila tatizo, alimleta fundi mwingine ang'oe nyaya zote na kuanza upya. Shuleni mtoto mmoja aliniuliza kama mama yangu ana vyeti vya kuulia. Begi la mama likawekwa juu ya kabati, na yeye akashika jembe, mahindi na mbaazi kwenye kipande chetu cha shamba. Baba alipaka chokaa ukuta wa karakana. Ulihitaji mikono mitatu ya chokaa, maana mistari ya mchoro wa mama ilikuwa inaonekana tena kila ilipokauka.

Baba alihurumiwa. Lazima niseme hili kwa sababu bado linaniuma. Watu walimletea baba unga na sukari, walimshika mkono kanisani, walimwambia pole ya mdogo wako, pole ya ndege yako. Alipewa uongozi kwenye jumuiya. Alikuwa akisali sala ndefu, nzuri.

Na bibi akahamia kwetu moja kwa moja, kwa sababu aliyekuwa akimtunza Mbulu alikuwa Bura. Alilala chumba kimoja na mimi. Hakumpokea mama chochote. Akimpa maji, anayaacha yapoe mpaka yaingie vumbi. Alisema hawezi kula kwenye mkono uliomzika mwanawe. Basi mama akawa anapika, na mimi napeleka, na bibi anaamini nimepika mimi. "Mtoto hii inajua kupika," alikuwa anawaambia wageni, ananishika kidevu. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuwa najua hata kusonga ugali ukaiva. Mama alikuwa anasikia yote hayo akiwa jikoni, ukuta mmoja tu kati yetu, na kesho yake anampikia tena.

Kuna siku nilimuuliza kwa nini hasemi. Tulikuwa shambani, tunachuma mbaazi. Hakuacha kuchuma.

"Nikisema, anayefungwa ni nani? Ninyi mtakula nini?" Akavuta tawi jingine. "Mimi nilijiuliza kila kitu kikifa itakuwaje. Mtu akichomoa, hilo sikujiuliza."

Sikumsikia akizungumzia tena ile ndege mpaka bibi alipougua.

Alizidiwa mwaka niliokuwa namaliza shule ya msingi, wakati wa mvua. Hospitali walisema arudi nyumbani apumzike. Katekista alikuja akakaa naye, akamwambia asiondoke na mzigo moyoni. Alipotoka, bibi akaniambia nimwite baba na mama, wote wawili.

Mama aliingia akiwa na mikono yenye maji, amejifutia kwenye kitenge. Baba alisimama upande wa kichwani, kofia mkononi. Bibi alinyoosha mkono wake, ambao miaka yote ile haukuwahi kumgusa mama, akamshika kifundo cha mkono.

"Mama Paskalina," alisema. "Bura ilikuwa mtoto yangu. Mimi nimelia mpaka macho imekwisha. Lakini sasa nimekusamehe. Umesikia? Ile uliifanya, nimesamehe. Na Mungu isamehe."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama hakumtazama bibi. Alimtazama baba. Alimtazama kwa muda ambao ungetosha mtu kuanza sentensi, kuikatisha, na kuianza tena. Alikuwa anampa nafasi, hata mimi niliona. Baba alikuwa anaizungusha kofia kwa vidole, ukingo kwa ukingo, macho yake yako dirishani.

"Asante, mama," mama alimwambia bibi. Akamfunika vizuri, akatoka.

Nilimfuata. Alisimama barazani, anatazama maji yakichirizika kutoka kwenye bati na kuchimba udongo. Nilitaka kusema nirudi ndani nimwambie bibi, mimi nilikuwepo, mimi nilikaa karibu na ile betri. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akatikisa kichwa bila kunigeukia.

Baba naye akatoka. Alikuja akasimama upande wake mwingine, akajikohoza.

"Mama Paska," alisema. "Asante."

"Usinishukuru," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anamwambia mtu kwamba duka limefungwa. "Mimi leo nimesamehewa. Wewe bado."

Baba alifungua mdomo. Kutoka ndani bibi akaita, sauti nyembamba, imeshaanza kuchanganya walio hai na waliokufa. Alikuwa anamwita Bura. Akanyamaza, kisha akaita tena.

Baba alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaingia. Nilimsikia akiitika.

"Naam, mama. Nipo."